Ndege ya Barua Inapogoma: Kutafuta Chanzo cha Matatizo katika Ndege za Mabawa Mawili

Ukisoma ripoti za marubani wa posta ya Marekani kuanzia 1918 hadi 1927 utakutana na maneno yaleyale mara kwa mara: injini imekata, maji yamechemka, nimetua shambani, ndege imepinduka. Wengi huyasoma kama visa vya ushujaa au vya bahati mbaya. Mimi huyasoma jinsi fundi anavyosikiliza maelezo ya mwenye gari: kila neno ni dalili, na dalili ina chanzo chake. Ukikifuata chanzo hadi mwisho unaona pia usafiri wa anga wa biashara ulivyozaliwa, kwa sababu karibu kila kitu tunachokijua leo kuhusu shirika la ndege kilianza kama tiba ya hitilafu fulani.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuzielewa ndege hizo kwa ndani: msomaji wa kumbukumbu za zamani, muundaji wa modeli inayoruka, au anayesaidia kufufua ndege ya makumbusho. Ndege ya aina hii inayorushwa leo ina fundi wake mwenye leseni na vitabu vyake, na neno la mwisho ni lake.

Ndege ninazozizungumzia hasa ni nne. Curtiss JN-4H, maarufu kama Jenny, yenye injini ya Hispano-Suiza ya nguvu za farasi 150, ndiyo iliyofungua huduma ya posta huko Marekani. DH-4, iliyobuniwa Uingereza kwa ajili ya vita kisha ikaundwa kwa maelfu Marekani ikiwa na injini ya Liberty ya silinda 12 na nguvu za farasi 400, ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya kazi. Breguet 14 ya Wafaransa ilipeleka barua kutoka Toulouse kuelekea Dakar. Na Gipsy Moth, ndogo kuliko zote, ndiyo iliyofika kwetu Nairobi.

Utaratibu wa kukagua usibadilike: petroli kwanza, kisha umeme wa plagi, kisha maji, kisha oili. Kiunzi, kitambaa na waya vifuate baadaye. Hivyo vinne vya mwanzo hukaguliwa kwa dakika chache bila kufungua kitu, na ndivyo vilivyoangusha ndege nyingi.

Injini haiwaki kabisa

Tarehe 15 Mei 1918 Rais Woodrow Wilson alisimama uwanjani Washington kushuhudia safari ya kwanza ya huduma ya kudumu ya posta ya anga. Luteni George Boyle alikuwa ameshaketi kwenye Jenny yake. Propela ikazungushwa, injini ikakataa. Ikazungushwa tena, ikakataa tena. Mwishowe mtu akafungua tangi: petroli haikuwekwa. Ikabidi inyonywe kutoka ndege nyingine zilizokuwa hapo.

Kisa hiki kinastahili kukaa mbele ya kila orodha ya ukaguzi. Tumbukiza kijiti ndani ya tangi na utazame kilivyolowa. Kipimo cha kioo au cha mshale kinaweza kukwama, kijiti hakikwami. Kisha fuata bomba la petroli hadi kwenye kabureta uone kama valvu zote ziko wazi, maana ndege hizi zilikuwa na tangi zaidi ya moja, na valvu iliyofungwa hutoa dalili ileile ya tangi tupu.

Petroli ikiwapo, nenda kwenye umeme, na hapa lazima ujue uko kwenye injini gani. Hispano-Suiza ina magineto, ambayo hutengeneza umeme wake yenyewe ikizungushwa. Liberty haina. Plagi zake 24, mbili kwa kila silinda, hupata umeme kutoka kwenye betri, na dainamo hushika kazi injini ikishachanganya. Kwa hiyo Liberty yenye betri iliyokufa haitawaka hata wakiizungusha watu watatu walioshikana mikono, kama ilivyokuwa desturi kwa propela kubwa ya DH-4. Ukiona imewaka vizuri asubuhi, ikazimwa, kisha ikakataa uwanja wa pili, shuku betri iliyosahauliwa swichi ikiwa imewashwa.

Majira ya baridi kwenye njia ya Chicago hadi Cheyenne kulikuwa na chanzo cha tatu: oili iliyoganda hata propela haisogei. Mafundi walichemsha maji na kupasha oili pembeni, ndipo wakavimimina kwenye injini na kuiwasha kabla joto halijapotea.

Injini inakata angani

Hapa usikimbilie jibu. Uliza kwanza imekata vipi.

Ikiwa imezima ghafla na kabisa, kama taa, silinda zote kwa pamoja, chanzo kiko mahali ambapo kila kitu hupitia: petroli imekwisha, valvu imefungwa, au umeme wote umekatika. Kwenye Liberty uwezekano wa umeme wote kukatika ni mkubwa kuliko kwenye injini ya magineto mawili, kwa sababu betri na waya zake ni njia moja.

Ikiwa imekata, ikakohoa, ikarudi kidogo ndege ilipoinamisha pua, hiyo ni petroli. Umeme haujali pua inaelekea wapi; masalio ya petroli chini ya tangi yanajali sana. Ushahidi mzuri ni wa Charles Lindbergh, aliyekuwa akirusha barua kati ya Saint Louis na Chicago kwa DH-4 za kampuni ya Robertson. Septemba 1926 ukungu ulifunika ardhi, akazunguka akitafuta pa kutua hadi petroli ikamwishia, akaruka kwa parachuti. Pua ya ndege ikainama, petroli iliyobaki ikafika kwenye kabureta, na injini ikawaka tena yenyewe kwa sababu hakuwa amezima swichi. Ndege ikawa inazunguka ikishuka karibu naye huku akining'inia kwenye kamba. Chanzo chenyewe kilipatikana ardhini: tangi la galoni 110 lilikuwa limeondolewa kwa matengenezo na mahali pake pakawekwa la galoni 85, naye hakuambiwa. Petroli haikuvuja. Habari ndiyo iliyopotea njiani kati ya fundi na rubani.

Ndiyo maana nasisitiza kitabu cha ndege. Kila badiliko liandikwe, na rubani alisome kabla ya kupanda. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ikiwa injini imepoteza karibu nusu ya nguvu na inatikisika vibaya, angalia kabureta. Liberty ina kabureta mbili, kila moja ikilisha nusu ya silinda. Moja ikiziba kwa uchafu au maji, sita zinanyimwa chakula na sita zinaendelea. Lakini ikiwa imepoteza mizunguko kidogo tu bila mtikisiko mkubwa, basi ni seti moja ya umeme iliyokufa, maana kila silinda bado ina plagi ya pili. Jaribio lake hufanywa ardhini kabla ya kuondoka: injini ikiwa inazunguka kwa kasi, zima seti moja, tazama mizunguko inavyoshuka, irudishe, kisha zima ya pili. Upande unaoizima injini kabisa ukiubakiza peke yake ndio mgonjwa. Injini ya OX-5 ya Jenny za mafunzo haina faraja hiyo: plagi moja kwa kila silinda, hivyo plagi moja ikichafuka kwa oili unaisikia mara moja katika silinda nane.

Ikiwa nguvu zimepungua polepole, dakika baada ya dakika, katika hewa yenye unyevu, hilo ni barafu ndani ya kabureta. Watu hushangaa kwa sababu nje hakuna baridi ya kugandisha. Petroli inapogeuka mvuke hufyonza joto, na hewa inayopita kwenye koo la kabureta hushuka nyuzi nyingi hata siku ya vuguvugu. Dalili ikishughulikiwa mapema tiba ni hewa ya moto inayovutwa karibu na bomba la moshi. Ikichelewa, injini inakufa, joto la kuyeyushia barafu linakufa nayo, na ukitua shambani fundi akafika baada ya saa moja hataona kitu. Barafu imeshayeyuka. Ninaamini si ripoti chache zilizoandikwa "injini ilikata bila sababu" zilikuwa na sababu hii.

Injini inachemsha

Liberty ilisanifiwa Washington mwaka 1917 kwa siku chache mno, na wahandisi Jesse Vincent na E. J. Hall, na kwa kazi ya haraka kiasi hicho ni injini ya kuheshimiwa. Lakini kila silinda ni chuma cha peke yake, kilichovikwa koti la bati la chuma lililochomelewa, na maji hupita kati ya koti na silinda. Viungo vya kuchomelea ni vingi, na injini ya silinda 12 zilizopangwa kwa pembe nyembamba ya nyuzi 45 hutikisika kwa namna yake. Mtikisiko na kiungo cha kuchomelea havikai pamoja kwa amani.

Tofautisha hali tatu. Ikichemka wakati wa kupanda tu na kupoa ikinyooka, rejeta haipati hewa ya kutosha kwa nguvu inayotumika. Punguza pembe ya kupanda na ufungue zaidi milango ya rejeta iliyo puani. Ikichemka ikiwa imenyooka, maji yamepungua au pampu imechoka, na hapo tafuta alama za maji pembeni mwa injini na kwenye kioo cha rubani. Ikipanda joto huku shinikizo la oili likishuka, achana na maji. Injini inakosa oili, na kutua ni sasa hivi.

Mwinuko huongeza shida. Kwenye usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini kwenye mita 3,000 huchemka karibu nyuzi 90. Rubani anayevuka milima huku kipimo kikisoma 88 anaweza kudhani yuko salama kwa sababu nambari hiyo ilikuwa salama jana bondeni.

Wafaransa walikutana na tatizo hili mahali pabaya kuliko pote. Njia ya kampuni yao ya ndege, Latécoère, ilifika Casablanca mwaka 1919 na Dakar mwaka 1925, ikipita kando ya Sahara kwa Breguet 14 yenye injini ya Renault ya nguvu za farasi 300, nayo ikipozwa kwa maji. Kutua kwa dharura huko kulimaanisha kiu, au kutekwa na kudaiwa fidia. Hawakuweza kuifanya injini isiharibike, hivyo wakabadilisha utaratibu: ndege zikasafiri mbilimbili, moja ikianguka nyingine itue imchukue rubani na barua. Rubani na mwandishi Antoine de Saint-Exupéry aliwekwa mkuu wa kituo cha Cap Juby, kwenye pwani ya Sahara, mwaka 1927, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kujenga mahusiano na watu wa jangwani na kusaidia kuwakomboa marubani. Nalitaja kwa sababu mafundi hupenda tiba ya spana peke yake. Kuna hitilafu ambayo kwa wakati wake haina tiba ya spana, na aliyepanga safari ndiye aliyeipunguzia makali.

Moto

DH-4 ya vita ilipewa jina baya, jeneza la moto, na jina hilo lilikuwa na msingi wa kiufundi. Tangi kubwa lilikaa kati ya rubani na mtu wa nyuma. Petroli ilisukumwa kwa shinikizo la hewa. Bomba la mpira lilipita chini ya mabomba ya moshi. Unganisha hayo matatu. Tangi lenye shinikizo likitoboka halidondoshi, linarusha. Mpira uliopashwa kila siku hupasuka. Na ndege ikigonga ardhi kwa pua, rubani aliyekaa mbele anabanwa kati ya injini iliyo moto na tangi lililojaa.

Dalili za mapema ni harufu ya petroli wakati wa kuruka, madoa ya rangi kwenye bomba, na shinikizo la tangi linaloshuka bila sababu. Ukiona mojawapo, ndege haiondoki. Moto ukianza angani, funga valvu ya petroli, acha injini imalize iliyoko kwenye kabureta, na uishushe ndege kwa kuteleza kiubavu ili ndimi za moto zielekee upande usio na rubani.

Tiba ya kudumu ilikuwa DH-4B. Rubani alirudishwa nyuma na tangi likasogezwa mbele, barua zikapata sehemu yao iliyofunikwa, na ubavu ukaimarishwa kwa plaiwudi. Posta iliporekebisha ndege zake kwa mtindo huo haikuongeza nguvu hata ya farasi mmoja. Ilihamisha mtu kutoka mahali pa kufia. Kwangu hilo ndilo rekebisho bora katika historia yote ya ndege hii.

Mabadiliko hayo yalitibu na jambo jingine. DH-4 ya awali ilipenda kupinduka kifudifudi kwenye matope, kwa kuwa magurudumu yalikaa nyuma mno ukilinganisha na uzito wa injini. Magurudumu yakasogezwa mbele. Rubani anayevuta fimbo ya kuongozea ndege kwa nguvu zote anapotua na bado mkia unanyanyuka asilaumiwe kabla hujapima umbali huo.

Ndege inavuta upande mmoja

Rubani anashuka na kusema mkono umemchoka, kwamba ameshikilia fimbo upande wa kulia safari nzima. Chukua futi ya utepe. Pima kutoka mkiani hadi nguzo ya nje ya kila bawa. Vipimo vya kushoto na kulia vilingane. Kisha kagua waya. Kuna zinazoshika mabawa yasikunjike kwenda juu ndege ikiwa angani, na kuna zinazoyashika yasianguke ikiwa imesimama. Za kwanza zikilegea upande mmoja, bawa hilo hubadilisha pembe yake kidogo, na kidogo hicho kinatosha.

Kabla ya kukaza waya, uliza hali ya hewa. Mbao hunywa unyevu na kuvimba, hukauka na kusinyaa. Ndege iliyorekebishwa pwani ikipelekwa nyanda kavu italegea yenyewe bila mtu kuigusa. Breguet 14 ilistahimili jangwa kwa sehemu kubwa kwa sababu kiunzi chake kilikuwa cha duralumini na si mbao. Kitambaa nacho, kilichokazwa kwa vanishi maalumu, huchoka kwa jua. Kibonyeze kwa kidole: kikibaki na shimo, kimekwisha.

Ndani ya wingu: kasi inapanda na fimbo haisaidii

Hii ndiyo dalili iliyoua marubani wazuri. Rubani ameingia kwenye ukungu. Mwilini anahisi ndege imenyooka. Kisha sauti ya upepo kwenye waya inaongezeka, injini inazidi kulia, kipimo cha mwinuko kinashuka. Anavuta fimbo ili kuinua pua, na hali inazidi kuwa mbaya.

Chanzo hakiko kwenye ndege. Sikio la ndani la binadamu huhisi mwanzo wa mgeuko lakini si kuendelea kwake; ndege ikilala ubavu polepole, baada ya muda mwili unaambiwa "umenyooka" wakati mabawa yamelala. Kuvuta fimbo katika hali hiyo kunabana mzunguko badala ya kuinua pua. Utaratibu sahihi ni kupunguza nguvu, kunyoosha mabawa kwanza kwa kufuata kipimo cha mgeuko, kisha kuvuta taratibu. Kipimo hicho cha jairo (gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi na kushika mwelekeo wake) kilipopatikana, wapo marubani waliokibishia kwa kuwa kilipingana na hisia zao. Mwenye kuamini mwili wake alikuwa akiamini kipimo kibovu.

Dira nayo ina hila yake: kwenye mgeuko hubembea na kudanganya, na chuma cha injini huivuta. Irekebishe ndege ikiwa imeelekezwa pande zote kuu, injini ikiwa inawaka. Boyle, yule wa tangi tupu, alipoondoka hatimaye alifuata reli isiyo yake, akaelekea kusini-mashariki badala ya kaskazini, na akaishia karibu na Waldorf, Maryland, ndege ikiwa imepinduka.

Usiku kulikuwa na chanzo cha ziada: miali ya mabomba mafupi ya moshi ilimpofusha rubani. DH-4 za posta zikafungwa mabomba marefu yanayopita hadi nyuma yake. Kisha ardhi yenyewe ikawashwa. Usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 Februari 1921 Jack Knight aliruka kutoka North Platte hadi Omaha, na mwenzake wa kupokezana asipofika, akaendelea hadi Chicago kwenye njia ambayo hakuwahi kuiruka, mioto ikiwa imewashwa chini kumwongoza. Barua za safari hiyo zilivuka bara kwa saa 33 na dakika 20. Tarehe 1 Julai 1924 huduma ya usiku ikawa ya kudumu, kukiwa na taa za kuzunguka kwenye viwanja vya dharura na taa ndogo za gesi katikati yake.

Haipandi Nairobi, ilipanda Mombasa

Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929, akiwa na Gipsy Moth na rubani Tom Campbell Black. Uwanja wa Wilson hadi leo unabeba jina lake. Nairobi iko karibu mita 1,660 juu ya bahari, na hewa ya mwinuko huo ina uzito wa takriban asilimia 85 ya ile ya pwani, hata kabla jua la mchana halijaipunguza zaidi. Injini isiyo na kisukuma hewa hupoteza nguvu, propela inashika hewa nyepesi, na mabawa yanahitaji kasi zaidi ili kuinua uzito uleule. Hasara ni tatu kwa pamoja, ndiyo maana mbio za kuondoka hurefuka kuliko mtu anavyotarajia.

Kama pamoja na hayo moshi ni mweusi na injini inakohoa, mchanganyiko umezidi petroli. Punguza kwa wenzo wake hadi mizunguko ipande, kisha rudisha kidogo. Kama moshi ni safi, injini haina kosa. Punguza mzigo au subiri alfajiri.

Ziwani dalili hubadilika. Tarehe 28 Februari 1931 Imperial Airways ilifungua njia ya London hadi Mwanza, na sehemu ya kusini ilifanywa na ndege za majini za Short Calcutta, mabawa mawili na injini tatu. Ndege ya majini inaweza kukataa kutoka majini siku ambayo ziwa limetulia kama kioo, kisha ikaondoka bila shida upepo ukianza kuvuma. Maji tulivu hung'ang'ania tumbo la ndege. Viwimbi huingiza hewa chini yake. Yakoroge maji kwa kuizungusha ndege yenyewe au kwa kupitisha mashua mbele yake, kisha jaribu tena. Januari 1932 njia hiyo ilisogezwa hadi Cape Town, na katika miaka hiyo ya 1930 ndege za Wilson Airways zikawa zinaunganisha Nairobi na Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam.

Ndege ni nzima, biashara ni mgonjwa

Dalili ya kwanza: mifuko ya barua inarudi nusu tupu. Stempu ya kwanza ya anga iliuzwa senti 24 wakati barua ya kawaida ilitumwa kwa senti 3. Kufikia Desemba 1918 bei ilikuwa imeshushwa hadi senti 6, na bado wateja walisitasita. Bei haikuwa chanzo pekee. Kati ya Washington na New York treni ya usiku ilifikisha barua asubuhi, kwa hiyo ndege ilikuwa ikiuza kasi mahali ambapo haikuhitajika. Tiba ilikuwa umbali. Njia ya New York hadi San Francisco ilifunguliwa Septemba 1920, lakini giza likiingia barua zilihamishiwa kwenye treni, na faida ikayeyuka. Ndiyo maana zile taa za usiku ni tiba ya kibiashara sawa na ilivyo ya usalama. Bila usiku, ndege ya barua haikuwa na cha kuuza.

Dalili ya pili: ndege inajaa na bado haileti pesa. Pima inabeba nini. DH-4 ya posta ilichukua kilo 200 na kidogo za barua, huku Liberty yenyewe ikiwa na uzito wa karibu kilo 380, kabla ya rejeta, mabomba na maji yake. Kampuni binafsi ya Varney, iliyoanza kubeba barua Aprili 1926 magharibi mwa Marekani, kati ya Pasco na Elko kupitia Boise, ilianza na ndege za Swallow zenye injini za Curtiss za kupozwa kwa maji, ikakuta haziwezi nyanda za juu, ikazifunga injini za Wright Whirlwind zinazopozwa kwa hewa. Boeing ilifanya hivyohivyo kwa kiwango kikubwa. Modeli yake ya 40 ya mwaka 1925 ilikuwa na Liberty; ya 40A, iliyoingia kazini tarehe 1 Julai 1927 kati ya Chicago na San Francisco, ilikuwa na Wasp ya Pratt & Whitney ya nguvu za farasi 420. Ikabeba zaidi ya kilo 500 za barua na abiria wawili katika chumba kidogo kilichofungwa, rubani akiwa bado nje kwenye upepo nyuma yao. Uzito uliokuwa maji ukawa barua. Na tazama jinsi tatizo la kuchemsha tulilolishughulikia juu lilivyoondoka kabisa: hakuna kiungo kinachovuja katika rejeta isiyokuwepo.

Dalili ya tatu ni ngumu zaidi kuiona kwa macho ya fundi, kwa kuwa iko kwenye mkataba. Sheria ya Kelly ya 1925 ilikabidhi njia kwa kampuni binafsi, zikilipwa sehemu ya thamani ya stempu. Kuhesabu stempu kukawa mzigo, hivyo mwaka 1926 malipo yakawekwa kwa uzito. Hapo ikazaliwa tabia mpya: malipo ya kusafirisha yalizidi gharama ya stempu, na wapo waliojitumia vitu vizito kwa posta ili walipwe kuvibeba. Kampuni ikilipwa kwa uzito wa barua, abiria ni usumbufu. Sheria ya Watres ya 1930 ikabadilisha kipimo: malipo yakafuata nafasi ya mzigo ndani ya ndege, imejaa au haijajaa. Sasa aliyenunua ndege kubwa alilipwa zaidi, na nafasi iliyobaki ikafaa kuwekewa kiti.

Kwa hiyo ukiona ndege ya abiria ya miaka hiyo ikikua ghafla, chanzo usikitafute kwenye injini pekee. Soma na sheria ya malipo ya mwaka uliotangulia. Boeing 247 iliyoanza kazi mwaka 1933 ilikuwa na viti 10, injini mbili za Wasp na safu moja tu ya mabawa. Waya za nje za kukazia hazikuwapo tena, na fundi aliyezoea kupima nguzo kwa futi ya utepe akaanza kujifunza magurudumu yanayokunjwa na mipira ya kuvunja barafu kwenye ukingo wa bawa.